Jiko, hita, feni na tangi: kipi kinakula umeme na maji kidogo nyumbani?

Umeme wa shilingi 10,000 ni uniti 28 kwa mteja wa kawaida wa Tanzania. Kila mtu anayenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, anaijua hesabu hiyo kwa kichwa. Kisichojulikana sana ni kazi inayofanywa na uniti moja ikishaingia ndani ya nyumba, na hapo ndipo pesa inapopotea. Utasikia watu wanazozana juu ya taa ya barazani iliyoachwa ikiwaka usiku kucha, wakati hita ya tangi bafuni haijazimwa tangu Jumatatu na hakuna anayeitaja.

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya LED ya wati 9 inakaa na uniti hiyo zaidi ya saa 110. Ile ya barazani ikiwaka saa 12 inakula kama shilingi 40. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji uniti 2, na hiyo ni fizikia, haibishaniwi hata ununue hita ya bei gani. Vifaa vya kupasha na kupooza ndivyo walaji wakubwa. Simu, redio, televisheni na taa za LED ni watoto wadogo, na kama umeshaondoa balbu zote za wati 60 hapo nyumbani, kwenye taa hakuna tena pesa ya kutafuta.

Kwa hiyo nimelinganisha kwa kazi: sufuria moja ya maharage, mtu mmoja kuoga, usiku mmoja wa kulala, siku moja ya choo. Bei ya kifaa dukani peke yake inadanganya. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko nazo zinadanganya, tutaona kwenye hita.

Bei nilizotumia ni hizi: umeme shilingi 356 kwa uniti, yaani 292 ya kundi la T1 (matumizi ya kawaida) pamoja na VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Gesi shilingi 4,000 kwa kilo, ambayo ni mtungi wa kilo 6 kwa 24,000. Mkaa 1,200 kwa kilo. Gesi na mkaa hubadilika mtaa kwa mtaa na mwezi kwa mwezi, hivyo weka bei ya kwako mahali pa yangu. Ukiwa Nairobi au Mombasa, njia ya kukokotoa ni ile ile. Weka bei ya tokeni zako.

Kwanza jua uko kundi gani la umeme

Hili linageuza majibu yote yanayofuata, kwa hiyo lisirukwe. Mteja wa D1, yule wa matumizi madogo ya nyumbani, analipa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha tozo inakuwa 122, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya tozo, kama 427 ukijumlisha. Uniti 75 ni uniti 2.5 kwa siku. Ndani ya mstari huo umeme ndio nishati rahisi kuliko zote zinazouzwa mjini, mkaa ukiwemo. Nje ya mstari huo unalipa mara tatu na nusu kwa uniti ile ile.

Maana yake ni kwamba kaya yenye friji moja ndogo, feni mbili, televisheni na taa ina nafasi ya kupikia kwa umeme bila kutoka D1, lakini haina nafasi ya AC wala hita ya tangi. Ukiweka kimojawapo, umeaga bei ya 100.

Nyumba za kupanga zina shida yake. Vyumba sita vikichangia LUKU moja, uniti 75 zinaisha ndani ya wiki moja au mbili, na kila mmoja analipa bei ya juu hata kama chumbani kwake kuna taa na chaja tu. Kama baba mwenye nyumba anakubali, kila chumba kipate submita yake, yaani mita ndogo ya ndani. Haiwarudishi kwenye D1, lakini angalau mwenye friji analipia friji yake na ugomvi wa kila wiki unaisha. Kuomba LUKU ya pili kwa nyumba kubwa kunagharimu zaidi mwanzoni, ila kwa wapangaji wanaokaa miaka ni jambo la kuzungumza na mwenye nyumba kwa heshima na kwa hesabu mkononi.

Maharage kilo moja: mkaa, gesi, au presha kuka

Nimechagua maharage kwa sababu ndiyo yanayomaliza mitungi. Ugali ni dakika 15. Chai ni dakika 10. Maharage yasiyolowekwa yanakaa jikoni saa mbili na zaidi, na hapo ndipo tofauti ya majiko inaonekana wazi.

Jiko la mkaa la kawaida: karibu kilo moja ya mkaa, shilingi 1,200.
Jiko banifu la mkaa: karibu gramu 600, shilingi 700 hivi.
Gesi, sufuria ya kawaida: karibu gramu 200, shilingi 800.
Gesi, presha kuka ya kuweka juu ya jiko: karibu gramu 80, shilingi 320.
Presha kuka ya umeme: karibu nusu uniti, shilingi 180 kwa T1, shilingi 60 kwa D1.

Watu wengi wakiona orodha hii hushangaa kwamba umeme uko chini kabisa, kwa sababu wamezoea kusikia kuwa kupikia umeme ni anasa. Jiko la umeme la koili, lile la sahani nyekundu, kweli linakula: maharage saa mbili kwenye koili ni uniti moja na nusu mpaka mbili. Presha kuka ni kitu kingine. Chungu chake kimezungukwa na kizuizi cha joto, mfuniko umefungwa, mvuke hautoki, na maji yanafika nyuzi 110 na zaidi badala ya 100. Maharage yanaiva kwa dakika 40 hivi, na sehemu kubwa ya dakika hizo kifaa hakivuti umeme wowote.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Simama mbele ya LUKU wakati presha kuka inaanza: ile taa nyekundu ndogo inamemeta haraka haraka, kwa sababu kifaa kinavuta wati 1,000. Pini ya mfuniko ikishapanda na presha kufika, utasikia mlio mdogo wa swichi, na taa ya mita inapunguza mwendo, inamemeta moja moja kwa ajili ya friji tu. Baada ya dakika chache inaharakisha kidogo, kisha inatulia tena. Fanya jaribio hilo hilo na birika la umeme au pasi, na utaelewa nyumba yako kuliko ambavyo mtu yeyote angekueleza.

Je, ununue? Presha kuka nzuri ya lita 5 au 6 inauzwa kati ya 150,000 na 250,000. Ukitoka kwenye gesi ya sufuria wazi, unaokoa kama 600 kwa kila chungu cha maharage. Ukipika vitu vigumu mara tatu kwa wiki (maharage, makande, nyama ya ng'ombe, supu ya kongoro) ni karibu 8,000 kwa mwezi, kwa hiyo kifaa cha 180,000 kinarudisha pesa yake kwa miaka miwili hivi. Ukipika kila siku, ni chini ya mwaka. Mwenye D1 anaokoa zaidi. Anayekula maharage mara moja kwa wiki, na siku nyingine ni samaki wa kukaanga na ugali, asikimbilie. Kwake presha kuka ya juu ya gesi, ambayo hata ya 60,000 inapatikana, inatosha kabisa.

Hiyo ya juu ya gesi naona inasahaulika bure. Haitegemei umeme, na mtu aliyeishi Dar mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hawezi kusahau mgao ulivyokuwa, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingia mmoja mmoja. Siku hizi hali ni bora, lakini nguzo huanguka na transfoma huungua, na chakula cha watoto hakisubiri. Ushauri wangu kwa kaya ya watu watano ni kuwa na viwili: umeme kwa vitu vya kuchemsha muda mrefu, gesi kwa ugali, chapati, kukaanga na kuunga. Hakuna kifaa kimoja kinachofanya vyote vizuri. Chapati kwenye presha kuka haipo, na ugali wa kusonga kwenye chungu kile chepesi ni kuharibu chungu.

Jiko la induksheni nalo linauzwa sasa. Ni zuri na la haraka, linashinda koili, lakini linataka sufuria za chuma zinazoshika sumaku. Sufuria zetu za alumini hazifanyi kazi juu yake, hivyo jumlisha bei ya sufuria mpya kabla ya kushawishika.

Vyovyote utakavyopikia, loweka maharage usiku na umwage maji yale asubuhi. Halina gharama, na muda wa kuiva unapungua sana. Mfuniko nao usikae ukutani kama pambo.

Kuhusu mkaa niseme wazi: wanaonunua kopo moja kwa siku hawafanyi hivyo kwa kutojua. Kopo linanunulika na pesa ya leo, mtungi unataka 24,000 kwa mkupuo. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034, na huo mkupuo ndio ukuta wenyewe. Kama ndugu yako bado yuko kwenye mkaa, zawadi ya mtungi uliojaa au presha kuka ina maana kuliko kumhubiria. Na wakati huo huo, jiko banifu badala ya la bati tupu, na kupikia nje au penye hewa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kulalia joto, hata Njombe mwezi wa saba. Hewa yake haina harufu na inaua.

Kuoga: hita ya papo kwa papo, ya tangi, au ya jua

Wa Dar, Tanga na Mtwara wanaweza kuruka sehemu hii. Maji ya bomba yanatoka vuguvugu yenyewe, na mgonjwa au mtoto mchanga anachemshiwa birika moja. Swali ni la Arusha, Moshi, Mbeya, Iringa, Njombe, Lushoto na Nairobi.

Hapa ndipo kibandiko cha wati kinapodanganya. Hita ya papo kwa papo, ile inayofungwa kichwani mwa bomba la mvua, imeandikwa wati 5,500. Hita ya tangi la lita 50 imeandikwa 1,500. Mtu akilinganisha namba hizo mbili ananunua ya tangi, na anakosea, kwa sababu ya kwanza inawaka dakika sita na ya pili inawaka mchana na usiku.

Chukua nyumba ya watu wanne Arusha, maji yakiingia na nyuzi 20, yanaogewa kwenye 40. Hita ya wati 5,500 haina uwezo wa kupasha zaidi ya lita 4 kwa dakika kwa kiwango hicho. Ndiyo sababu watu wanalalamika kuwa maji yanatoka membamba. Lakini ule wembamba ndio unaookoa: dakika sita ni lita 24 na uniti 0.55, shilingi 196. Watu wanne kwa siku ni 780, kwa mwezi kama 23,500.

Ya tangi inatoa maji kwa nguvu, lita 9 au 10 kwa dakika. Dakika zile zile sita ni lita 54 na uniti 1.26 kwa mtu mmoja. Juu yake, tangi linapoteza joto hata msipooga, karibu uniti moja kwa siku. Watu wanne wanafika uniti 6 kwa siku, zaidi ya 60,000 kwa mwezi. Na wamemaliza lita 216 za maji, dhidi ya 96 za mwenzao. Hita moja imeongeza bili mbili.

Ukishakuwa nayo ya tangi tayari, si lazima uing'oe. Weka kichwa cha bomba kinachopunguza maji, cha lita 6 kwa dakika. Shusha kidhibiti joto hadi nyuzi 55 au 60 kama fundi alikiacha mwisho kabisa. Iwashe saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya kuoga, kisha izimwe. Swichi yake iwe mahali pa kuonekana, yenye taa nyekundu, nje ya bafu. Kwa mabadiliko hayo bili yake inashuka sana, ingawa haifiki chini kama ile ya papo kwa papo.

Ya jua, ya mirija ya kioo na tangi la lita 150 hadi 200, inazidi milioni moja ikishafungwa, tuseme 1,500,000. Je, inalipa? Inategemea unatoka wapi. Aliyekuwa na tangi la umeme la 64,000 kwa mwezi anarudisha pesa kwa miaka miwili hivi. Aliyekuwa na ya papo kwa papo anahitaji zaidi ya miaka mitano, na hapo hesabu inakuwa ngumu, hasa ukikumbuka kuwa Arusha ya Juni na Julai ina mawingu siku nyingi na utawasha umeme wa akiba. Kwa nyumba ya watu wanane, kwa hosteli, kwa gesti, ya jua inashinda bila mjadala. Kwa mume na mke wanaokaa wawili, sioni sababu.

Usalama wa hita ya papo kwa papo usichezewe. Wati 5,500 ni ampea 24. Inataka waya wake peke yake kutoka meinswichi, wa milimita 4 au 6, sakiti breka yake, na waya wa ati uliounganishwa kweli kweli mpaka ardhini. Fundi akikwambia ataichomeka kwenye waya wa taa au wa soketi, mwambie aondoke. Maji ya kisima yenye chumvi pia hula elementi zake haraka. Kama una kisima kama hicho, tafuta aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi au rudi kwenye birika na ndoo. Ndoo haina aibu: lita 18 za vuguvugu na kopo, mtu ametakata, na nishati ni kama uniti 0.4.

Kulala: pangaboi, AC ya kawaida, AC ya inveta

Usiku wa saa nane. Pangaboi la wati 70 linakula uniti 0.56, shilingi 200. Mapangaboi mapya ya mota isiyo na brashi yanakula wati 30 hivi, shilingi 85. AC ya kawaida ya BTU 9,000 inakula kama uniti 5, karibu 1,800. Ya inveta (inayopunguza kasi yenyewe chumba kikipoa) ya ukubwa huo huo, uniti 3 hivi, kama 1,070. Kwa mwezi: 6,000, 2,500, 54,000, 32,000.

Kama ni lazima AC, basi inveta, kwa mtu anayeiwasha kila usiku. Tofauti ya 22,000 kwa mwezi inalipa bei yake ya ziada ndani ya mwaka au zaidi kidogo. Anayewasha saa moja Jumapili wageni wakija hatauona huo uokoaji. Weka nyuzi 25 au 26 na pangaboi liwe linazunguka polepole. Upepo unaufanya mwili uhisi ubaridi zaidi ya nyuzi hizo.

Lakini swali kubwa zaidi ni kwa nini chumba kimekuwa tanuri. Nyumba tunazojenga sasa Dar zina bati la rangi nyeusi au kijani iliyoiva, dari ya jipsamu isiyo na tundu la hewa juu yake, na madirisha ya alumini ya kuteleza ambayo hata ukifungua yote hewa inapita nusu ya dirisha. Wazee wa pwani walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha marefu yenye vipenyo, na baraza ya kukinga jua la mchana. Hawakuwa na umeme na walilala. Kabla ya kununua AC, fanya haya kwa mpangilio: rangi nyeupe juu ya bati, matundu ya hewa yenye wavu pande mbili za paa ili joto la juu ya dari litoke, na kivuli upande wa magharibi, iwe mwarobaini au hata kibanda cha mkeka. Bado ukihisi joto, nunua AC, na itafanya kazi nusu.

Friji niiguse kwa kifupi. Kubwa la mtumba lenye mpira wa mlango uliolegea linaweza kula uniti 2 kwa siku, jipya la ukubwa wa kati ni chini ya moja. Usikisie. Usiku, zima kila kitu isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki kwenye LUKU saa nne, soma tena saa kumi na mbili alfajiri, kisha zidisha mara tatu. Likizidi uniti 1.5 kwa siku, badilisha mpira wa mlango kwanza. Kama haikusaidia, friji hilo linakugharimu zaidi ya 16,000 kwa mwezi na ni bora ulipumzishe.

Maji: choo kwanza, kisha tangi

Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Anayenunua ndoo ya lita 20 kwa 300 analipa 15,000 kwa uniti hiyo. Fungua bili yako ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, uone wewe unalipa ngapi, na utaelewa kwa nini mwenye bomba anapoteza maji bila kuumia, na mwenye ndoo hapotezi hata tone.

Mlaji mkubwa wa maji ndani ya nyumba ya kisasa ni choo cha kukaa. Tangi la zamani linamwaga lita 9 kila unapoflashi, hata kwa haja ndogo. Watu watano, mara tano kila mmoja, ni lita 225 kwa siku. Tangi la vitufe viwili, lita 6 na lita 3, linafanya kazi hiyo kwa lita 90. Uokoaji ni lita 135 kwa siku, zaidi ya uniti 4 za maji kwa mwezi. Si lazima ubadilishe choo kizima: mara nyingi mashine ya ndani peke yake inabadilishwa. Na kama pesa haipo, chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji na mchanga, ikilazwa ndani ya tangi mbali na floti, inakata lita hiyo kila safari. Choo cha kuchuchumaa na kopo kinamaliza lita 3 tu, na kwa maji kinawashinda wote.

Kabla ya kununua chochote, pima uvujaji. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana, mpira wa chini umechoka, na choo hicho kinaweza kupoteza lita mia kadhaa kwa siku bila sauti. Mpira wenyewe ni bei ya soda chache. Koki inayodondosha, iwekee kopo kwa saa moja: nusu lita kwa saa ni lita 360 kwa mwezi.

Simtanki la juu halitumii umeme mwingi kama watu wanavyodhani. Pampu ya nusu farasi inajaza lita 2,000 kwa karibu saa moja, na inakula nusu ya uniti tu. Hasara inakuja pale tangi linapofurika alfajiri wakati kila mtu amelala: maji yanamwagika, pampu inaendelea. Swichi ya floti inayozima pampu tangi likijaa ni kifaa kidogo ambacho ningekiweka kabla ya vingine vyote katika orodha ya maji.

Sasa tangi la mvua dhidi ya kuongeza tangi la bomba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 80, mvua moja nzuri ya masika ya milimita 30, ukitoa kinachopotea, unapata kama lita 1,900. Dar hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo linaweza kukupa lita 60,000 na ushee. Tatizo ni kwamba zinakuja kwa mafungu, masika na vuli, na tangi la lita 2,000 linajaa kwa mvua moja kisha linatazama nyingine zikipita. Kama lengo ni kupunguza bili, tangi la lita 5,000 ndilo la kuanzia, na gata zisafishwe kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Kama lengo ni kujikinga na ukame, kama Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yalipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao, basi tangi la bomba na la mvua yafungwe pamoja, kwa sababu mwisho wa kiangazi ndipo la mvua linakuwa tupu. Mvua ya kwanza imwagwe, maana inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Maji hayo ni ya choo, kufua na kudeki. Ya kunywa yachemshwe.

Uanze na kipi?

Mpangaji wa chumba kimoja: taa za LED, kuloweka maharage, na presha kuka, ya umeme kama una LUKU yako ya D1, ya gesi kama mnachangia. Ukihama unaondoka nayo. Usitie pesa yako kwenye choo wala paa la mtu bila kukubaliana kwanza mpunguziwe kodi.

Mwenye nyumba ya familia Tabata au Kinyerezi: kipimo cha rangi kwenye choo leo jioni, floti ya pampu wiki hii, presha kuka mwezi huu, rangi nyeupe ya bati kabla ya Desemba. AC ibaki ya mwisho.

Na anayejenga Arusha au Mbeya, ambaye ramani yake bado iko mezani, ana nafasi ambayo wengine hatuna. Weka bafu, jiko na hita upande mmoja wa nyumba. Mita 15 za bomba kati ya hita na bafu hubaki na lita 2 hadi 3 za maji yaliyopoa, na kila anayeingia kuoga anazimwaga kwanza akisubiri ya moto. Watu wanne mara mbili kwa siku ni ndoo nzima inayokwenda chini, pamoja na joto lililolipiwa. Kusogeza mstari kwenye ramani hakugharimu kitu. Mwambie fundi apitishe pia waya wa milimita 6 na mabomba mawili hadi darini hata kama hita ya jua utainunua baada ya miaka mitatu, kwa sababu kubomoa vigae kutagharimu zaidi ya hayo mabomba.